Wakala aliyenitoza pesa ya kuonyeshwa nyumba nilizokwisha kunyimwa

Nilimlipa wakala wa nyumba 2,500. Shilingi 1,000 ilikuwa ya kujiandikisha, na 500 kwa kila nyumba niliyoonyeshwa, na nyumba zilikuwa tatu. Sikupata hata moja. Hilo peke yake lisingenifanya niandike, maana nyumba hukosekana na mtu akaendelea kutafuta. Naandika kwa sababu nilikuja kujua kwamba alipopokea pesa zangu tayari alijua nyumba zile tatu sitapewa, na alijua hivyo kwa sababu ya herufi moja ya jina langu.

Ofisi yenyewe iko kisiwani, Mombasa. Jina silitaji. Nimezungumza na watu wa kutosha kujua kwamba si yeye peke yake, na sitaki mtu asome hapa adhani akimkwepa huyu mmoja amesalimika.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona madera, sare za shule na mapazia, kibanda changu kiko karibu na Marikiti. Nimezaliwa Mombasa, nimekulia Changamwe, baba alikuja kufanya kazi bandarini kabla mimi sijazaliwa. Jina langu la tatu kwenye kitambulisho linaanza kwa O, na Mkenya yeyote akiliona anajua babu yangu alizikwa upande wa ziwa. Kwenye simu hiyo O haisikiki. Nazungumza kama walivyozungumza watoto niliocheza nao, na wengi wao walikuwa Waswahili, Wataita na Wadigo.

Mwaka huu kijana wangu alipata shule kisiwani, nami nikachoka na foleni ya Makupa kila asubuhi kutoka Mikindani. Nikataka nyumba ya chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko, isizidi 15,000 kwa mwezi. Nikampigia wakala. "Karibu sana dadangu, nyumba zipo. Tudor ipo, Ganjoni ipo. Njoo na kitambulisho tu."

Nianze na yaliyo sawa, kwa haki yake. Ofisi ni safi, simu anashika, na picha anazotuma ni za nyumba yenyewe, si za nyumba ya mtu mwingine kama nilivyowahi kufanyiwa Bamburi. Risiti anatoa, yenye muhuri. Kijana anayekupeleka kwa bodaboda anaendesha taratibu. Kama kazi ya wakala ingekuwa kupiga picha na kupeleka watu, ningemsifu.

Alipochukua kitambulisho changu alikisoma, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele. "Aa, kumbe ni watu wa bara."

"Nimezaliwa hapa, kaka."

"Naelewa, naelewa. Hakuna shida." Akaandika kitu kwenye daftari, lile kubwa lenye jalada gumu, akaniomba pesa ya kwanza.

Nyumba ya Tudor ilikuwa orofa ya pili, veranda inaangalia maji. Niliipenda. Nilisimama jikoni nikapima kwa macho mahali pa kuweka meza ya kukatia vitambaa. Keateka, yule mwangalizi wa nyumba, aliniuliza jina, nikamtajia yote matatu. Akasema ngoja, akashuka chini kupiga simu, akarudi akiangalia viatu vyake. "Samahani mama, kumbe ililipiwa jana." Siku tatu baadaye nilipita pale na tukutuku, kibao cha nyumba ya kupangisha bado kiko getini. Mteja wangu mmoja, mama wa Kiswahili wa Kibokoni, alikuwa kibandani akisubiri dera lake, nikamsimulia. Akachukua simu yake akapiga namba ya kibaoni. Akajibiwa iko wazi, 15,000, aje kesho aione. Alikata simu akakaa kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi naona haya." Yeye ndiye aliyeona haya, na hakuwa na kosa lolote.

Ya Ganjoni mwenye nyumba alikuja mwenyewe. Mzee mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, ufunguo ameushika mkononi, umefungwa uzi mwekundu na kadi ndogo ya namba. Akanionyesha vyumba, tangi la maji, mita ya stima ya tokeni. Tukafika mlangoni.

"Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Mikindani, mzee. Lakini nimekulia Changamwe."

"La, nauliza kwenu hasa. Asili."

Nikamwambia. Sikumficha, sina cha kuficha. Nikauona ule ufunguo ukiingia mfukoni mwa shati, polepole, uzi mwekundu ukabaki unaning'inia nje. Hapo hata hajafungua mdomo. Halafu akasema hana ubaya na mimi binafsi, ila watu wa kwetu wana wageni wengi, msiba ukitokea wanalala watu ishirini, samaki wanapikwa usiku na majirani wanalalamika. Nikamwambia nina mtoto mmoja, na samaki hupikwa katika kila nyumba ya mji huu, tumezungukwa na bahari. Akatabasamu. Akasema Mungu atanifungulia pengine.

Huyu mzee hakuwa Mswahili wala Mwarabu, kama msomaji anavyoweza kudhani. Sisemi alikuwa kabila gani, maana nikisema nitakuwa nimefanya alilofanya yeye.

Nyumba ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Ilikuwa vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili huko Majengo, ile yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mama mwenye nyumba alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchicha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akasema bila kuzunguka:

"Mwanangu, wakala hakukwambia? Tulimwambia tangu mwanzo twataka wapwani tu. Kila wiki atuletea watu, twawarudisha, sisi ndio twaonekana wabaya."

Sikubaliani na mama yule, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Lakini nilimshukuru kwa kusema kweli, kwa sababu maneno yake yalinionyesha jambo ambalo sikulifikiria. Wakala alikuwa ameambiwa. Alijua. Na bado alipokea 500 zangu asubuhi ile akaniweka nyuma ya bodaboda.

Kijana wa bodaboda alikuwa amesikia yote. Tulipofika barabarani alisimamisha pikipiki. "Dada, ungeniuliza mimi kabla hujalipa hii ya tatu ningekwambia uache. Angalia lile daftari." Huyo kijana ameshaiacha kazi ile, ndiyo maana naweza kulitaja hili.

Nikarudi ofisini. Mimi nimezoea kusoma vipimo daftari likiwa limeelekea upande wa mwenzangu, ni mazoea ya kazi, kwa hiyo wakala alipokuwa kwenye simu niliisoma ile kurasa iliyofunguka mezani. Kila nyumba ina mstari wake: mtaa, vyumba, bei, namba ya mwenye nyumba. Na mwisho wa mstari kuna herufi, imezungushiwa wino mwekundu. Nyingi zilikuwa P. Baadhi P na M pamoja. Moja ilikuwa na B na alama ya tiki. Mbili tu zilikuwa na neno zima: "wote". Nyumba zangu tatu zote zilikuwa P. Kwenye karatasi ya wateja, jina langu lilikuwa na B mbele yake, na karibu na B kuna J ndogo.

Nikamuuliza alipomaliza simu. Hakushtuka. P ni pwani, M ni Muislamu, B ni bara. J nilijua mwenyewe, ni Mjaluo. Akaeleza kama fundi anavyomweleza mtu alama za chaki kwenye kitambaa.

"Sasa kwa nini ulinipeleka kwenye P tatu, na kuna 'wote' mbili?"

"Hizo za 'wote' zina watu wengi, dadangu, zinaisha haraka. Na ujue mimi ni mjumbe tu. Mwenye nyumba ndiye achaguaye. Na pesa ya kuonyeshwa ni ya kuonyeshwa, si ya kupewa."

Hapo ndipo hukumu yangu ilipo, na nimeipima wiki tatu kabla ya kuiandika. Mjumbe hapaki rangi nyekundu. Mjumbe hamtozi mtu nauli ya kwenda kutukanwa. Mwenye nyumba anayeniambia usoni hataki kabila langu amenikosea mara moja, bure. Huyu wakala alichukua kosa la watu wengine akaligeuza biashara: mpangaji anayekataliwa anamlipia nyumba tatu, nne, tano, kumbe anayekubaliwa anamlipia moja tu. Kwa jinsi alivyopanga bei zake, kubaguliwa kwetu kunamwingizia pesa kila siku, na hana sababu yoyote ya kumwambia mwenye nyumba, "Mzee, hili haliruhusiwi."

Na kweli haliruhusiwi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, inamkataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa kabila, asili, rangi au dini. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kukaa popote Kenya. Kabla yake, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na tume iliyoundwa kwa sheria hiyo inapokea malalamiko ya ubaguzi wa kikabila. Nilimtajia. Akanionyesha karatasi ukutani akasema yeye ana leseni. Nikaisogelea nikaisoma: ni leseni ya biashara ya kaunti, ile ile niliyonayo mimi kibandani. Wakala wa nyumba anatakiwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, awe amesajiliwa na bodi yao. Cheti cha bodi hakikuwepo ukutani, na nilipokiomba hakunionyesha.

Niliuliza pia kuhusu baraza la kodi za nyumba, lile watu hukimbilia wakigombana na landilodi. Lile linashughulikia nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa zamani sana na hakijabadilishwa. Na hata hivyo linamlinda aliyekwisha kuingia ndani. Mimi nilikuwa bado nje ya mlango.

Sitaki mtu asome haya akasema wapwani wana roho mbaya. Nimeyaona pande zote. Msichana ninayemfundisha kushona ni Mgiriama, na landilodi mmoja wa kutoka bara alimwambia huko Kiembeni kwamba hachukui Wagiriama kwa sababu ya pombe ya mnazi. Binti hajawahi kuonja mnazi. Mteja wangu Msomali, aliyezaliwa Bondeni kama mama yake, aliombwa kodi ya miezi sita mbele na vitambulisho vya watu wote wa nyumbani, mpaka cha shangazi aliyekuja kumtembelea. Na mjomba wangu mwenyewe, ndugu wa mama, ana ploti Mikindani, na nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia keateka asimletee kabila fulani. Nilinyamaza siku ile kwa sababu ni mjomba. Baada ya haya yaliyonipata nilikwenda nikazungumza naye. Alikasirika. Sijui kama amebadilika, ila sasa anajua kwamba mpwa wake amekataliwa kwa maneno yale yale anayoyasema yeye.

Na najua malalamiko ya wapwani ni ya kweli. Kuna watu wa hapa ambao babu zao walizaliwa kwenye ardhi ambayo leo wanaambiwa ni maskwota, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, ambapo ardhi isiyodaiwa kwa karatasi ilihesabiwa kuwa ya serikali ya Waingereza. Mtu aliyenyang'anywa shamba akaachiwa nyumba ya vyumba sita, ile nyumba ndiyo kitu pekee anachokitawala. Naelewa uchungu wake. Lakini mimi sikuja na hati ya mtu. Nilikuja na kodi ya mwezi na dipoziti.

Swali la "kwenu hasa" linaniuma kuliko pengine linavyowauma wengine, na sababu ninayo. Agosti 1997, nikiwa na miaka kumi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, na siku zilizofuata watu wa bara walichomewa nyumba, wakafukuzwa, wakauawa. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki pale Likoni. Shangazi yangu alikuwa amepanga vyumba viwili huko, akishona. Alivuka feri na watoto watatu, na kichwa cha cherehani amekifunga kwa leso mgongoni kama mtoto wa nne. Meza yake ya miguu aliiacha, haikubebeka. Aliyemficha usiku wa kwanza ni jirani yake Mdigo, aliyewaingiza wote chumbani kwa watoto wake akakaa mlangoni mpaka alfajiri. Kile kichwa cha cherehani ndicho ninachoshonea leo, nimekifungia meza nyingine. Basi mtu akianza kupanga watu wa mtaa kwa herufi, hata kama ni kwa wino tu na kwenye daftari la biashara, mimi hunijia ule uzito mgongoni mwa shangazi.

Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza, na hili nalisema kwa dhati kwa sababu nami nina fundi msaidizi na huuliza kabla sijamchukua. Katika nyumba ya Kiswahili mnagawana choo, kisima na ukumbi. Ukiniuliza kama nakunywa pombe, kama nina wanaume wanaoingia na kutoka, kama muziki wangu unapita saa nne za usiku, kama kodi yangu hufika tarehe tano, nitakujibu, na nitakuletea landilodi wangu wa zamani mzungumze. Hayo ni maswali juu yangu. Lile la asili ni swali juu ya watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona.

Kuhusu pesa: niliomba nirudishiwe 1,500 za kuonyeshwa. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilikwenda na yule mama wa Kibokoni, akasimama pale na buibui lake akamuuliza wakala kwa sauti ya mwalimu, mbele ya wateja wawili, kama kula haki ya mtu ni halali. Tukapewa 500. Zilizobaki sijazipata.

Kwa anayelazimika kumtumia wakala, huyu au mwingine: usitoe shilingi kabla hujamuuliza, "Katika nyumba ulizonazo, ni ngapi mwenyewe hajasema hataki kabila au dini fulani?" Uliza hivyo hivyo, na usubiri jibu. Mwambie utalipia hizo tu. Omba kuona cheti cha usajili cha bodi, si leseni ya kaunti. Piga picha risiti. Na ukikataliwa kwa kabila, andika siku hiyo hiyo tarehe, mtaa na maneno yaliyosemwa, kabla hayajakuchanganyikia, kwa sababu tume itakuuliza hayo. Mimi nimeandika yangu na nimepeleka.

Nyumba nimepata, bila wakala. Mama anayetuuzia mahamri na mbaazi asubuhi alinisikia nikilalamika akasema kuna bibi Tudor ana vyumba vya nyuma, mpangaji amehamia Malindi. Nikaenda jioni ile. Bibi ni mkongwe, anatembea na bakora, alinipeleka kwanza kwenye kasoro: maji ya bombani ni ya chumvi, ya kunywa utanunua, pembe ile paa linavuja masika yakipiga, jirani wa mbele hana salamu, usimchukie. Akauliza kama cherehani langu hupiga kelele usiku. Nikamwambia saa tatu nafunga. Akauliza nani hukaa na mtoto nikiwa kazini. Kodi 13,000, dipoziti ya mwezi mmoja, itarudi nikitoka salama.

Kisha akatoa daftari la shule la mjukuu wake tuandikiane mkataba, nakala mbili. Akavaa miwani, akaandika tarehe, bei, jina lake kamili. Akachukua kitambulisho changu akaanza kunakili jina langu kwa herufi kubwa, la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akasimama. Akanigeuzia daftari na kunipa kalamu.

"Hili la mwisho liandike mwenyewe, mwanangu. Mimi nitalikosea."